Mvi za Ujanani: Mawazo, Pesa au Ukoo?

Kwa kinyozi hakukosekani mganga. Kijana wa miaka 25 akikaa kitini, mvi tatu zikachungulia juu ya sikio, kila aliye kwenye benchi ana lake: ana mawazo, ana pesa njiani, karogwa, anaogea maji ya chumvi.

Nianze na la maji, ni jepesi. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa. Jua kali au dawa ya saluni vinaweza kuufifisha ukawa wa kahawia, lakini huko ni kupauka tu. Rangi hutiwa chini kwenye shina, na seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya nywele, wakati unywele ungali unaundwa. Seli hizo zikipungua, unywele unaofuata unaota ukiwa mweupe tangu ndani.

Kwa hiyo mtu hawezi kulala na nywele nyeusi akaamka na mvi kichwa kizima, ingawa Wafaransa wanasimulia hivyo kuhusu malkia wao Marie Antoinette, aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Za kufika mabegani zitageukaje usiku mmoja? Upo ugonjwa wa kunyonyoka nywele, kinga ya mwili inapoyashambulia mashina, na mara nyingi hung'oka zenye rangi, nyeupe zikabaki. Atakayekutana na mgonjwa wiki chache baadaye atasema kaota mvi, kumbe kapoteza nyeusi.

Na mawazo je? Hapa wazee wa benchi hawakukosea kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwatia panya weusi msongo, wakaona mishipa ya fahamu ikimwaga noradrenalini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa msongo, kwenye mashina ya nywele. Seli za akiba ambazo huzaa seli za rangi zikatumika zote kwa siku chache, na hazikurudi. Lakini hao ni panya. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwachunguza watu 14, wakapima rangi kwenye urefu wa unywele mmoja mmoja. Baadhi ya nywele zilikuwa zimeota nyeupe kisha zikarudia rangi, na mtu mmoja nywele zake tano zilirudia rangi alipokwenda likizo. Tano! Mwenye kichwa kilichojaa mvi asikate tiketi ya Zanzibar kwa sababu hiyo.

Sababu kubwa ni ukoo, nayo watu huipuuza kwa kuwa haina utamu wa kusimulia. Mwaka 2016, utafiti uliohusu watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kusini na Meksiko uliihusisha jeni iitwayo IRF4 na kuota mvi. Kabla ya kumtafuta mchawi, muulize baba, shangazi na wajomba walianza wakiwa na umri gani. Mimi niliuliza nikaambiwa, "Wewe umechelewa." Isitoshe, madaktari wa ngozi wakisema mvi za mapema kwa Mwafrika, wanamaanisha kabla ya miaka 30. Wa miaka 34 anayelalamika hana kesi.

La pesa sina la kusema, bado nasubiri zangu.

Kuna wanaong'oa, na wanaowakataza wakisema ukiing'oa moja zinaota kumi. Haziongezeki, kila shina lina unywele wake na halimwambukizi jirani. Ila ukilichokoza kila mara linaweza kuumia, pakabaki upara mdogo mahali pa mvi.

Mara chache mvi ni dalili. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na mbalanga vinaweza kuzileta mapema. Mvi zikifuatana na uchovu usioisha au ganzi miguuni, kapime damu. Upungufu wa B12 ukitibiwa, rangi huweza kurudi. Kumeza vidonge bila kupima ni kuchezea pesa. Sigara nayo imehusishwa na mvi za mapema.

Kinachonitia hofu zaidi ni piko, rangi nyeusi ya kufunikia mvi. Wengi huiona ndugu wa hina, tena ya asili, wakaipaka bila wasiwasi. Weusi ule hutokana na kemikali ya PPD, na kuna wanaoamka uso umevimba, macho hayafunguki, malengelenge kwenye paji. Paka tone dogo nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Pakiwasha, acha, hata kama harusi ni kesho.