Kusahihisha sentensi katika mtihani wa uzamili: fuata upatanisho, usifuate sikio

Elimu kwa umma kutoka kitengo cha ushauri kwa waombaji wa masomo ya uzamili

Malalamiko ya aina moja yamezidi kutufikia. Mtu amelipia tuisheni ya miezi kadhaa ya kusahihisha sentensi za Kiingereza kwa ajili ya GMAT, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili ya biashara, anakaa mbele ya kompyuta siku ya mtihani, na hakuti hata swali moja la aina hiyo. Kwa hiyo tuanzie hapo. GMAT ya sasa haina maswali ya kusahihisha sentensi. Yaliondolewa toleo jipya lilipoanza Novemba 2023, na toleo la zamani lilifungwa mwisho wa Januari 2024. Sehemu ya lugha sasa ina maswali 23 ya dakika 45, ya ufahamu na ya kupima hoja tu. Alama nazo zinaanzia 205 hadi 805. Mwalimu anayekupangia kupata 700 kati ya 800 anakufundisha mtihani uliokwisha.

Maswali yenyewe hayajafutika kabisa. Taasisi hiyohiyo inayotoa GMAT, yaani GMAC, ina mtihani mwingine uitwao Executive Assessment, unaotumiwa zaidi na wafanyakazi wenye uzoefu wanaoomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya watendaji. Tangu ulipoanza mwaka 2016, sehemu yake ya lugha imekuwa na maswali 14 ya dakika 30, na kusahihisha sentensi ni mojawapo ya aina tatu za maswali hayo. Kabla hujalipa ada ya mtihani au ya tuisheni, fungua tovuti ya mba.com, tafuta muundo rasmi wa mtihani unaoufanya wewe, uusome wote. Kisha piga simu chuoni uulize wanapokea mtihani gani. Kuwepo kwa kitabu dukani hakuthibitishi kwamba mtihani wake bado upo.

Swali lina sura hii: sentensi moja ndefu, sehemu yake imepigiwa mstari, chini yake machaguo matano. Chaguo la kwanza hurudia sehemu iliyopigiwa mstari neno kwa neno, kwa hiyo usipoteze sekunde kulisoma tena. Linaweza pia kuwa ndilo jibu. Wapo wanaoamini kwamba lazima pawe na kosa. Si kweli, sentensi nyingine ziko sawa tangu mwanzo.

Dhana inayowaangusha wengi ni kwamba jibu sahihi ni lile linalosikika vizuri. Watunzi wa mtihani wanaijua dhana hiyo kuliko mtahiniwa anavyoijua. Chaguo baya hutungwa makusudi lilete raha masikioni. Njia yao kuu ni kujaza maneno kati ya kiima na kitenzi, ili nomino iliyo karibu ivute kitenzi upande wake. Tazama: "The quality of the mangoes shipped from the southern farms have improved." Sikio limesikia "farms", likaikubali "have". Sasa iseme kwa Kiswahili. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayesema "ubora wa maembe yaliyosafirishwa kutoka mashamba ya kusini yameongezeka". Atasema umeongezeka, hata mtoto wa darasa la pili, kwa sababu ngeli ya "ubora" haimtoki kichwani mpaka kitenzi kifike. Kiima ni "quality", kitenzi ni "has improved". Ujuzi huo unao tayari, na umeutumia maisha yako yote. Tunachoomba ni uuhamishie kwenye Kiingereza badala ya kukariri orodha ya kanuni 60.

Ujuzi huohuo unatatua fumbo la "number", ambalo watu huliogopa bila sababu. "The number of applicants has risen" ni idadi ya waombaji imeongezeka: idadi ndiyo kiima, ni moja. "A number of applicants have complained" ni waombaji kadhaa wamelalamika: waombaji ndio kiima, ni wengi. Vilevile kamati. Wengi tulisoma Kiingereza cha Uingereza, ambacho huruhusu "the committee have agreed". Mtihani huu ni wa Kimarekani na unataka "has". Kiswahili kiko upande wa mtihani hapa: kamati imekubali, timu imeshinda, serikali imetangaza.

Lakini kuna mahali ambapo Kiswahili kitakudanganya, na patie alama nyekundu kwenye daftari lako. Sisi husema "meneja pamoja na wasaidizi wake wamewasili", kwa wingi. Kiingereza cha mtihani hakihesabu namna hiyo. Maneno "together with", "as well as", "along with" na "in addition to" hayaongezi kiima. "And" peke yake ndiyo inayoongeza. Kwa hiyo ni "The manager, together with his assistants, has arrived."

Tuje kwenye "which", mahali ambapo alama nyingi hupotea. Kirejeshi cha Kiswahili hubeba ngeli. Ukisema "kitabu cha mwalimu ambacho kimepotea", kila mtu anajua kilichopotea ni kitabu. Ukisema "ambaye amepotea", aliyepotea ni mwalimu. Kiingereza hakina alama hiyo, hivyo kinategemea ukaribu: "which" baada ya mkato inahesabiwa kuwa ya nomino iliyo mbele yake. Soma hii: "The company raised its prices in June, which angered customers." Kwa kanuni ya mtihani, kilichoudhi wateja ni mwezi Juni au bei zenyewe. Si hivyo mwandishi alivyokusudia. Kilichowaudhi ni kitendo chote cha kupandisha bei. Kwa Kiswahili fasaha tungesema "kampuni ilipandisha bei mwezi Juni, jambo lililowaudhi wateja". Tumelazimika kuweka neno "jambo" ili kirejeshi kipate nomino ya kushika. Jibu sahihi la mtihani hufanya hivyohivyo: "a move that angered customers", au "angering customers". Kila unapoiona "which", jiulize ingekuwa ambacho, ambayo au ambalo. Ukikosa nomino ya kuipa ngeli, chaguo hilo limekufa.

Na ulinganisho. "The coffee exports of Uganda are larger than Kenya." Sentensi hii inalinganisha mauzo na nchi. Kwa Kiswahili tunasema "mauzo ya kahawa ya Uganda ni makubwa kuliko ya Kenya", na ile "ya" ndogo ndiyo inayoshika nafasi ya mauzo. Kiingereza kinataka kifaa kama hicho: "than those of Kenya". Umoja ni "that of", wingi ni "those of". Ukiitafuta "ya" yako katika kila ulinganisho, makosa ya aina hii utayaona upesi.

Sasa upande wa pili: makosa tunayoyabeba wenyewe kutoka Kiswahili na hatuyaoni, kwa sababu ndivyo tunavyosema kila siku ofisini. Ingawa hufuatwa na lakini katika maongezi yetu. Kwa Kiingereza "although" na "but" havikai sentensi moja kwa kazi moja. Kitenzi chetu hubeba kiwakilishi cha mtendwa, kama "ripoti ambayo mkaguzi aliiwasilisha", ndipo mtu anapoandika "the report which the auditor submitted it". Ile "it" haitakiwi. Tunajadili kuhusu jambo, lakini "discuss" haitaki "about". "Can be able to" ni kuweza mara mbili. "The reason is because" ni sababu mara mbili. Sema "the reason is that". Neno letu "kama" linafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa: "like" hulinganisha nomino na nomino, "as" hufuatwa na kishazi chenye kitenzi, "such as" hutoa mifano, na kwa mtihani huu "crops such as maize" ndiyo salama kuliko "crops like maize". Kuna pia "fewer" kwa vinavyohesabika na "less" kwa visivyohesabika. Na "equipment" na "information" hazina wingi, hata kama matangazo ya zabuni yanaziwekea "s" kila wiki.

Kiswahili pia kinavumilia kishazi cha mwanzo kisicho na mwenyewe: "Baada ya kukagua hesabu, kosa liligunduliwa na mkaguzi." Tunaelewana. Mtihani hauvumilii. "Having reviewed the accounts, the error was found" ina maana kwamba kosa ndilo lililokagua hesabu. Baada ya mkato lazima aje mkaguzi mwenyewe: "Having reviewed the accounts, the auditor found the error."

Tufanye swali moja kwa mpangilio tunaoupendekeza. "The rise in cement prices, together with the delays at the port, have forced many contractors to postpone projects, and renegotiating their contracts." Mstari umepita chini ya maneno kuanzia "have forced" hadi "renegotiating". Machaguo:

A. have forced many contractors to postpone projects, and renegotiating
B. have forced many contractors to postpone projects and renegotiate
C. has forced many contractors to postpone projects and renegotiate
D. has forced many contractors into postponing projects and to renegotiate
E. has forced many contractors that they postpone projects and renegotiate

Soma kwanza sentensi nzima ili ujue inasema nini: jambo moja linawalazimisha makandarasi kufanya mambo mawili. Kisha usiyasome machaguo kwa kulala, yasome kwa kusimama, kama mtu anayepitisha kidole kwenye safu ya hesabu. Neno la kwanza linagawanyika: mawili "have", matatu "has". Kiima ni "rise". Kupanda kumewalazimisha, ucheleweshaji wa bandarini umeletwa na "together with", hauhesabiwi. A na B zimeondoka, na bado hujasoma zaidi ya neno moja. D imechanganya "into postponing" na "to renegotiate". Vitu viwili vilivyounganishwa na "and" lazima vivae sare. E inasema "forced that", na "force" haijengwi hivyo. Hufuatwa na mtu kisha "to". Imebaki C. Irudishe kwenye sentensi, isome yote mara moja, endelea mbele. B ndiyo iliyowekwa iwanase wanaosikiliza: ni fupi, imenyooka, na kosa lake liko kwenye herufi chache.

Hapo ndipo tunapoomba watu waachane na kanuni za mtaani. "Chagua fupi" si kanuni. "Chaguo lenye being ni kosa" si kanuni. "Being fluent in English does not guarantee a high score" ni sentensi safi. "Kauli ya kutendwa ni kosa" nayo si kanuni. Ni suala la mtindo, na huliamui mpaka umemaliza makosa ya sarufi na ya maana. Tumeyajibu haya mara nyingi mno, na bado yanasambazwa kwenye makundi ya simu kama siri za ushindi.

Muda wa swali moja la kusahihisha sentensi ni kama sekunde 80. Ukizidisha hapo, unakula muda wa ufahamu, ambao hauna njia ya mkato. Fanya mazoezi ya maswali 15 kwa dakika 20, kisha tumia muda mara mbili ya huo kuyapitia, yakiwemo uliyoyapata. Vitabu rasmi vya GMAT vya kabla ya badiliko la 2023 bado vinafaa kwa zoezi hili tu. Katika daftari andika chaguo baya ulilolichukua na kilichokuvuta kwake; kuandika jibu sahihi peke yake hakusaidii, kwa sababu swali hilo halitarudi.

Taratibu, tafadhali zisomwe kwa makini. Katika Executive Assessment maswali ya lugha hutolewa kwa mafungu mawili ya maswali saba, na ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyojibu la kwanza. Unaweza kurudi nyuma ndani ya fungu ulilomo, ukilifunga, limefungwa. Usiache swali tupu. Anayefanya GMAT ajue kwamba majibu anayoruhusiwa kubadili ni hadi matatu kwa kila sehemu, akirudia mtihani ni baada ya siku 16, na hapiti mara tano katika miezi 12.

Kutoa maswali ya mtihani nje, au kuyasoma ukijua yametolewa, kunafuta alama na kunaweza kukufungia milango ya mitihani ijayo, na vyuo vilivyopokea alama zako vitajulishwa. Mwaka 2008 GMAC ilishinda kesi nchini Marekani dhidi ya tovuti iliyokuwa ikiuza maswali halisi, ikapewa fidia ya zaidi ya dola milioni 2, kisha ikafuta alama za watahiniwa 84. Wengine walikuwa wasomaji tu. Anayekuuzia "maswali ya jana" kwa simu anakuuzia hatari hiyo.

Mwisho ni jina. Jina la akaunti yako ya mtihani lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, la ukoo mahali pa ukoo na la kwanza mahali pa la kwanza. Kwetu majina matatu ni kawaida, na mtu hujisajili kwa mawili aliyoyazoea kazini wakati pasipoti ina mengine. Msimamizi hana mamlaka ya kukuhurumia: hutaingia, na ada haitarudi. Weka pasipoti mezani siku unayojisajili, linganisha, na ukikuta tofauti waandikie huduma kwa wateja wa GMAC kabla ya siku ya mtihani, kwa sababu mlangoni haisahihishwi.