Kunyamazisha king'ora si kutengeneza pampu

Huku Kigoma, kwenye mitambo ya kusukuma maji ya Ziwa Tanganyika, wengi hudhani ukibonyeza kitufe cha kukiri kengele, hitilafu imekwisha. Sivyo kabisa! Umeiambia kompyuta tu kwamba umeona. Tuseme kengele ni ya mota ya pampu iliyopata joto kupita kiasi: kwa kawaida taa nyekundu huacha kumetameta, ila hubaki ikiwaka mpaka joto la mota lishuke chini ya kikomo, tena kwa nyuzi kadhaa, kengele isije ikawa inalia na kuzima kila dakika. Na si kila mstari kwenye skrini ni kengele. Pampu ikiwashwa, hilo ni tukio. Huandikwa na saa yake, basi. Kengele, kwa ISA-18.2, kiwango kinachohusu kengele za mitambo, humtaka mhudumu achukue hatua. Kwa hiyo ukishabonyeza, shuka ukaisikilize mota: beringi inayokwaruza haionekani ofisini.