Lundo likifanana si ushahidi: dhana potofu kuhusu kuiga mtiririko wa mbale kwa kompyuta

Mbale ya chuma (mawe yenye madini ya chuma) ya Pilbara, Australia Magharibi, hupita mikanda mingi ya kusafirishia kabla ya kufika melini. Mkanda unapoupa mwingine mzigo huwekwa chuti, yaani mfereji wa kushushia mzigo, na hapo ndipo mbale hukwama, humwagika na kula kuta za chuti. Kwa hiyo wahandisi huiga mtiririko huo kwenye kompyuta, chembe moja moja, kwa mbinu iliyoelezwa na Peter Cundall na Otto Strack mwaka 1979.

Dhana: Lundo la kompyuta likifanana na la kweli, vigezo (namba kama za msuguano zinazoingizwa kwenye programu) ni sahihi.

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Programu inaweza kutoa mteremko uleule kwa msuguano mkubwa wa kuteleza na mdogo wa kubingirika, au kinyume chake. Lundo likishatulia, tofauti haionekani. Ndani ya chuti, mzigo ukishuka kwa kasi, huenda jozi moja ya namba hizo za msuguano ikapitisha na nyingine ikaziba. Mimi nategemea zaidi jaribio la masanduku mawili: la juu hufunguliwa mlango wa chini, mbale ikaangukia la pili. Kwa mara moja unapata pembe ya mzigo uliobaki juu, pembe ya lundo la chini, uzito uliobaki na kasi ya kumwagika. Ni vigumu kwa jozi isiyo sahihi kulingana na vipimo vyote vinne.

Dhana: Chukua tu vigezo vya mbale ya chuma vilivyokwisha kuchapishwa.

Vigezo hivyo si sifa za jiwe peke yake. Chembe za duara za kwenye programu hubingirika kirahisi kuliko mawe yenye kona, hivyo msuguano wa kubingirika huongezwa ili kufidia umbo. Ukibadilisha umbo au ukubwa wa chembe ndani ya programu, anza kupima upya.

Dhana: Sampuli kavu inatosha.

Mbale kavu hupita vizuri. Ikilowa, hasa yenye udongo wa mfinyanzi, hunata ukutani na kujijenga. Pima katika unyevu mbaya zaidi ambao mgodi hukutana nao, vinginevyo unasanifu chuti ya kiangazi tu.

Dhana: Kulegeza ugumu wa chembe (jinsi inavyokataa kubonyea) ili hesabu iende haraka ni udanganyifu.

Ni halali, kwa mipaka. Ugumu ukipunguzwa mara 100, hatua ya muda, yaani kipande cha muda ambacho programu hukipiga hesabu kwa mara moja, hurefuka mara 10. Kwa mbale inayonata, kigezo cha kunata lazima kirekebishwe tena baada ya hapo.