Paa la Asbesto Haliezuliwi kwa Nyundo

Majuzi nilipita kwenye kiwanja cha shule moja ya zamani nikakuta paa linaezuliwa. Fundi yuko juu na nyundo, mabati yanapasuka na kuanguka vipande vipande, na chini kijana wa mkono anafagia kwa ufagio mkavu, vumbi limempanda hadi kwenye kope. Msimamizi aliniambia kwa fahari kwamba wanatii sheria: serikali imekataza asbesto, nao wanaitoa. Kweli walikuwa wakiitoa. Waliitoa paani wakaitia kwenye mapafu ya yule kijana.

Watu huyaita mabati, ingawa hayana chuma. Ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe linalochimbwa ardhini, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Litazame bati lilipovunjika, utaona vinyweleo vimechomoza ukingoni. Vya kuogopa zaidi ni vile usivyoviona, vyembamba kuliko unywele mara nyingi, ambavyo huelea hewani kwa saa kadhaa na kuvutwa hadi vilindi vya mapafu. Vikishafika huko, mwili hauwezi kuviyeyusha.

Madhara yake hayana haraka. Mara nyingi hupita miaka 20 hadi 40 kabla mtu hajaanza kukosa pumzi akipanda ngazi. Mapafu hupata makovu na kukakamaa, ugonjwa uitwao asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka, ambayo ni nadra sana kwa mtu asiyewahi kukutana na asbesto. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la migodi ya asbesto ya Northern Cape. Baadhi hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu karibu na migodi, au walicheza huko utotoni. Nchi hiyo iliyokuwa ikiuzia dunia asbesto ikaja kuipiga marufuku mwaka 2008.

Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Maana yake ni kwamba huwezi kuiezua kiholela, kuipakia kwenye mkokoteni na kuimwaga korongoni. Unahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, msafirishaji mwenye leseni, na mahali palipoidhinishwa pa kuizika. Gharama si ndogo, na nadhani ndiyo sababu mabati mengi huondoka usiku na kuibukia kwenye banda la kuku la mtu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la maji ya mvua yanayotiririka kutoka paa hilo. Ushahidi uliopo hauonyeshi wazi kwamba nyuzi zinazomezwa huleta saratani. Tatizo kubwa ni za kuvutwa puani. Kwa hiyo paa zima, lisilopasuka wala kumomonyoka, halikulazimishi kuhama leo. Liache litulie. Usilitoboe, usilisugue kwa brashi kuondoa kuvu, usilipige maji ya mashine.

Siku ya kuliezua ikifika, mabati hulowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo na kubaki na unyevu muda wote. Parafujo hufunguliwa au kukatwa taratibu, bati likashushwa zima kwa mikono, likafungwa kwenye nailoni nzito tabaka mbili na kuwekwa alama. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Inatakiwa yenye kichujio cha vumbi laini, inayobana uso vizuri. Ovaroli haziendi nyumbani. Kwingineko wake wa wafanyakazi wameugua mesothelioma kwa sababu ya kufua nguo za waume zao.

Na kama bati limeshavunjika uani? Weka ufagio kando, ondoa watoto, mwagia maji vipande kwa utulivu, kisha itisha watu wenye vifaa.

Yule kijana wa mkono nilimshauri mambo mawili. Aache sigara, kwa sababu sigara na asbesto vikikutana huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu. La pili, akiwahi kwenda kwa daktari na kikohozi kisichopona, hata akiwa na umri wa miaka 50, ataje siku hii na kazi aliyoifanya, maana picha ya kifua peke yake haitamsimulia daktari alikuwa wapi.