Seli T iliyochoka ni ipi, na dawa huirudishaje kazini?

Seli T ni askari wa kinga ya mwili. Hukagua seli moja moja, na ikikuta dalili za virusi au saratani, huiua. Lakini imezoea vita vifupi. Mafua yakipona, nyingi hufa na chache hubaki kutunza kumbukumbu. Saratani haiondoki. Seli T humwona adui yuleyule miezi nenda miezi rudi, ikipoteza silaha zake taratibu, hadi inakuwemo ndani ya uvimbe bila madhara makubwa kwa adui. Hali hiyo ndiyo inayoitwa kuchoka kwa seli T. Huu si uchovu wa mkulima aliyelima kutwa, ambaye akilala ataamka mzima. Hapa namna jeni za seli zinavyosomwa imebadilika.

Seli iliyochoka hujaa protini iitwayo PD-1 kwenye utando wake wa nje. Hiyo ni breki, na tunaihitaji: bila breki, seli T zingeshambulia viungo vyetu wenyewe. Tasuku Honjo na wenzake waliitambua huko Kyoto, Japani, mwaka 1992. Shida ni kwamba saratani nyingi hubeba protini nyingine, PD-L1, ambayo ikiishika PD-1 breki hukanyagwa.

Dawa za kingamwili, yaani protini zilizoundwa kunasa shabaha moja, kama nivolumab na pembrolizumab, huikalia PD-1 na kuiziba, PD-L1 ikose pa kushika. Wengi hudhani dawa hizi ni sumu ya saratani. Sivyo. Zinazoua saratani ni seli T za mgonjwa mwenyewe.

Hata hivyo, si kila seli iliyochoka hurudi. Zilizochoka kupindukia hubaki hivyohivyo. Zinazoitikia hasa ni kundi dogo la akiba ambalo bado linaweza kugawanyika, nalo huzaa askari wapya. Kwa hiyo naona neno “kufufua”, linalopendwa sana, linapotosha kidogo. Na uvimbe usio na seli T ndani yake hauna breki ya kuachiwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wengi kutonufaika.

Wanaonufaika, wengine hunufaika mno. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aligundulika mwaka 2015 kuwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyofika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi na kupewa pembrolizumab. Desemba mwaka huohuo alitangaza kuwa vipimo havionyeshi tena saratani. Alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 100.

Breki ikiachiwa, huachiwa mwili mzima. Seli T zinaweza kuvamia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo. Mgonjwa akianza kuharisha au kupumua kwa shida, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, amwambie daktari wake siku hiyohiyo. Mara nyingi dawa za steroidi huzituliza seli hizo, mradi zianzishwe mapema.