Wakala wa Akili Unde Husoma Maelezo, Hasomi Msimbo: Dhana Potofu Kuhusu Zana za Mtandao wa Ofisi

Biashara nyingi za Dar es Salaam zina matawi, tuseme duka Kariakoo, ghala Mbagala na uhasibu Mikocheni, na kompyuta zao zinaweza kuunganishwa kwa VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti. Fundi wa mtandao kama huo leo anaweza kumkabidhi wakala wa akili unde, yaani programu inayoongozwa na modeli ya lugha, kazi ya kuupanga. Wakala hutenda kupitia zana: moja huorodhesha vifaa, nyingine huweka njia (anwani za mtandao ambazo kifaa huwafikishia wengine), nyingine hubadili ruhusa. Kila zana ina maelezo yake, na kuhusu maelezo hayo watu wanaamini mengi yasiyo kweli.

"Maelezo ni ya binadamu, sentensi moja inatosha."

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote. Modeli haioni msimbo wa zana. Inapewa jina, maelezo na vigezo, basi. Ndivyo ilivyo katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana, ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024.

Chukua Tailscale, huduma ya VPN. API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuiagiza, ina wito wa kuweka njia za kifaa, na wito huo hauongezi njia juu ya zilizopo: unaondoa orodha yote na kuweka ile uliyotuma. Sasa tuseme aliyetengeneza zana ameandika tu, "Huweka njia za kifaa." Fundi anaagiza, "Niongezee 192.168.20.0/24 kwenye ruta ya Kariakoo." Wakala anatuma njia hiyo moja, anajibu kwamba tayari, na 192.168.10.0/24 iliyokuwa ikiwafikisha watu kwenye seva ya mauzo inaondoka. Wauzaji dukani hawaoni tatizo lolote, maana wao na seva wako kwenye mtandao uleule wa ndani. Anayekwama ni mhasibu wa Mikocheni, na fundi atahangaika na ruta, na kampuni ya intaneti, na nyaya, kabla hajamshuku wakala aliyesema kazi imekamilika.

Modeli haikusoma vibaya. Haikuambiwa. Maelezo yangesema hivi: "Hubadilisha orodha nzima ya njia zilizoidhinishwa. Soma kwanza orodha ya sasa, kisha tuma za zamani pamoja na mpya." Kwa hiyo mimi nikikagua maelezo naanza hapa, kabla ya lugha na kabla ya urefu: je, yanasema kweli kuhusu kile API inachofanya, na hasa kile inachokifuta? Faili ya sera ya ruhusa, inayosema nani afikie nini, ina hatari hiyohiyo, kwani nayo hupokelewa nzima. Ukituma kipande, kipande hicho ndicho kinakuwa sera.

"Zana ikiwekewa alama ya kusoma tu, iko salama."

Toleo la MCP la Machi 2025 liliongeza alama za kuonyesha kwamba zana ni ya kusoma tu au inaweza kuharibu. Itifaki yenyewe inaziita vidokezo, na inaonya zisiaminiwe zikitoka kwa seva usiyoiamini. Ulinzi uko kwenye ufunguo wa API, ile siri inayoamua zana iruhusiwe kufanya nini. Wakala wa kuangalia vifaa apewe ufunguo usioweza kuandika.

"Maelezo marefu ndiyo bora." Hapana. Zana mbili zinazofanana huchanganywa hata zikielezwa kwa kurasa mbili. Kinachosaidia ni kusema lini utumie hii na lini utumie ile.

"Nimejaribu, imefanya kazi."

Umejaribu ombi moja, lililonyooka, lililoandikwa na mtu anayeijua zana. Jaribu kama watu wa ofisini wanavyoagiza: "Yule kijana wa ghala ameacha kazi, hakikisha haingii tena." Je, wakala afute kifaa, amalize muda wa ufunguo unaokiingiza kifaa hicho mtandaoni, au asimamishe akaunti ya mtumiaji? Akifuta simu na kuacha akaunti hai, kijana ataingia kwa kompyuta nyingine. Maelezo mazuri humfanya wakala achague sawasawa au aulize. Rudia ombi lilelile mara kadhaa, kwa sababu modeli haijibu vilevile kila mara, na weka pia maombi ambayo jibu sahihi ni kutogusa zana yoyote.

"Mtandao ni wa ndani, maneno mabaya yataingilia wapi?"

Yanaingia kwenye majina ya vifaa. Mwenye kompyuta anaweza kuipa jina atakalo, na zana ya kuorodhesha inaliwasilisha mbele ya modeli kama maandishi mengine yote. Jina linaweza kubeba agizo. Maelezo yaseme wazi kwamba majina hayo ni data, si maagizo. Hata hivyo maneno peke yake hayatoshi: mabadiliko ya njia na ruhusa yasubiri binadamu aone kilichokuwepo na kitakachowekwa, kisha ndipo akubali.