Jinsi VVU Vinavyoitambua RNA Yao Ndani ya Seli

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa na wanafunzi wangu hapa Mombasa, lipo moja ambalo sichoki kulijibu: ikiwa seli iliyoambukizwa imejaa RNA (nyuzi zinazobeba maagizo ya jeni kwa herufi za kikemikali A, C, G na U) za mwili wenyewe, na RNA ya VVU ni sehemu ndogo mno ya zote, virusi vipya huijuaje iliyo yao? Tena havikosei mara nyingi, kwani zaidi ya asilimia 90 ya chembe za virusi zinazotoka huwa zimebeba jenomu, yaani RNA yenye maagizo yote ya virusi, nakala 2 zilizoshikana.

Mchaguzi ni protini iitwayo Gag, ambayo ndiyo pia inayojenga virusi. Sehemu yake moja, nyukleokapsidi, ina vifundo 2 vilivyoshikizwa kwa zinki, navyo hung'ang'ania guanosini, yaani herufi G, zilizoachwa wazi. Herufi hizo ziko katika alama iitwayo Psi, karibu na mwanzo wa uzi wa RNA. Hapo uzi hujikunja ukafanya vitanzi, na kimojawapo kina herufi 6, mara nyingi GCGCGC au GUGCAC. Andika mojawapo kwenye karatasi, kisha uiandike chini yake kinyumenyume: kila G imepata C yake, na kila A imepata U yake. Hivyo ndivyo nyuzi 2 zinavyoanza kushikana. RNA zilizokatwa na kuungwa upya kwa ajili ya protini nyingine hupoteza sehemu ya Psi, na kwa hiyo nyingi huachwa nyuma.

Lililo zito zaidi ni kwamba uzi mzima una kazi mbili zisizopatana: kusomwa na ribosomu, mashine ya seli ya kuunda protini, ili Gag itengenezwe, na kufungashwa kuwa jenomu. Nani anaamua? Tafiti zilizochapishwa Marekani mwaka 2016 na 2020 zilionyesha kwamba uamuzi hufanyika mapema mno, ndani ya kiini cha seli, RNA inapoanza kunakiliwa. Uzi unaoanza na G moja hujikunja ukaificha kofia yake ya mwanzo, yaani alama ya kikemikali ambayo ribosomu huanzia kusoma, usisomwe, huku kitanzi cha kushikana na mwenzake kikibaki wazi. Unaoanza na G tatu huiacha kofia wazi, ukasomwa. Ni tofauti ya herufi 2 katika uzi wenye herufi zaidi ya 9,000, na kwangu mimi hakuna jambo la kustaajabisha zaidi katika fani hii.

Baada ya hapo Gag chache huzichukua nyuzi hizo 2 hadi kwenye utando wa seli, kisha nyingine nyingi hujiunga. Jenomu ikikosekana, Gag bado huunda chembe na kuzijaza RNA za seli, ila chembe hizo haziambukizi.

Elimu hii ina manufaa kwetu watu wa Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea. Katika mojawapo ya tiba mbili za jeni za ugonjwa huo zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023, virusi vya kubebea jeni, vilivyotokana na VVU, hutengenezwa kwa kuiacha Psi kwenye RNA yenye jeni ya tiba peke yake, na kuiondoa katika RNA zinazotengeneza protini za virusi. Kwa hiyo Gag hufungasha dawa, na jeni za kuzalisha virusi vingine hubaki nje.